Kuiombea Dunia Inayoumia Msimu wa Krismasi: Mwongozo Kamili wa Maombezi

Desemba ikiingia, ratiba ya kanisa hujaa. Kuna mazoezi ya kwaya, igizo la watoto, ibada za mkesha, wageni wa kupokelewa. Katika pilikapilika hizo, maombi kwa ajili ya ulimwengu hubaki sentensi moja kabla ya matangazo: "Tunawakumbuka wote wanaoteseka popote pale walipo." Watu huitikia Amina, huketi, na baada ya dakika mbili hakuna anayekumbuka nani aliombewa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayetamani kuomba kwa undani kuliko hapo, awe peke yake, awe na familia, au awe na kikundi cha maombi. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: chagua jeraha moja la dunia, lifahamu vizuri, kisha libebe mbele za Mungu msimu mzima. Anayetaja nchi ishirini kwa pumzi moja hana la kurudia kesho. Anayemwombea mjane mmoja, kambi moja au mji mmoja, kesho atarudi kuuliza hali yake, na huko kurudi ndiko maombezi yenyewe yanakoanzia.

Kabla ya kuanza: jua unasimama wapi

Mwombezi ni mtu anayesimama mbele za Mungu kwa niaba ya mwingine. Abrahamu alisimama hivyo kwa ajili ya Sodoma (Mwanzo 18), akashuka na Bwana kutoka wenye haki 50 hadi 45, 40, 30, 20, hadi 10, akiogopa na bado akiendelea. Musa alithubutu kusema kwamba kama Mungu hatawasamehe Waisraeli, basi na yeye afutwe katika kitabu (Kutoka 32:32). Katika Ezekieli 22:30 Mungu anasema alitafuta mtu wa kusimama mahali palipobomolewa kwa ajili ya nchi, asione mtu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Luka 11. Mtu anagonga mlango wa rafiki yake usiku wa manane. Tunaukumbuka kwa sababu ya ung'ang'anizi wake, lakini tazama alichokuwa anaomba: mikate mitatu, na hata mmoja haukuwa wa kwake. "Rafiki yangu amefika kwangu, atoka safarini, nami sina kitu cha kuweka mbele yake." Huyo ni mwombezi kamili. Ana mgeni mwenye njaa nyuma yake, ana mlango mbele yake, na mikononi hana kitu. Ukijisikia mnyonge mbele ya habari za vita na njaa, hujakosa sifa ya kuomba. Hapo ndipo mwombezi anaposimama siku zote.

Tena, hatuanzishi sisi. Waebrania 7:25 inasema Kristo yu hai sikuzote ili awaombee wamjiao Mungu kwa yeye, na Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Tunajiunga na maombi ambayo tayari yanaendelea. Ukilielewa hilo hutapiga kelele kana kwamba Mungu amelala, wala hutaona kwamba siku uliyochoka dunia imeachwa bila mwombezi.

Kwa nini Krismasi? Kwa sababu habari yenyewe ya kuzaliwa Bwana ina mateso ndani yake. Mathayo 2 inasimulia mfalme mwenye hofu, wazazi wanaokimbia usiku na mtoto kwenda Misri, na askari wanaoua watoto wa Bethlehemu. "Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Kanisa la kale halikuuficha ukurasa huo. Katika kalenda ya makanisa ya Magharibi, yaani ya Kikatoliki na mengi ya Kiprotestanti, tarehe 26 Desemba ni siku ya Stefano aliyepigwa mawe, na 28 Desemba ni kumbukumbu ya watoto waliouawa na Herode. Furaha na kilio viliwekwa katika juma moja kwa makusudi. Mwaka 2023, wakati vita vikiendelea Gaza, viongozi wa makanisa ya Bethlehemu yenyewe walifuta shamrashamra za sikukuu, na kanisa moja la Kilutheri mjini humo likamlaza mtoto Yesu wa pangoni katikati ya vifusi. Ibada haikufutwa. Waliendelea kuomba.

Hatua ya kwanza: panga siku zako

Kwa makanisa ya Magharibi, Majilio (majuma ya kujiandaa kwa Krismasi) huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, yaani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na msimu huendelea hadi Epifania, 6 Januari. Baadhi ya makanisa ya Kiorthodoksi huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 7 Januari. Kama kanisa lako halifuati Majilio, anza tarehe 1 Desemba.

Mpangilio unaofaa ni huu. Juma la kwanza ni la kuchagua na kujifunza. Juma la pili ni la kuomboleza na kutubu. Kuanzia juma la tatu unaomba mahitaji kwa kina, hadi mkesha wa Krismasi. Tarehe 25 ni ya shukrani. Iache iwe hivyo, usijilazimishe huzuni. Tarehe 28 waombee watoto: waliouawa, waliopotezana na wazazi, wanaoshikishwa bunduki. Tarehe 1 Januari ombea amani. Wakatoliki wameiadhimisha kama Siku ya Amani Duniani tangu 1968, ilipoanzishwa na Papa Paulo VI. Tarehe 6 Januari, siku ya mamajusi, waombee watawala na wenye elimu wa mataifa, kwa sababu mmoja wa watawala wa siku ile aliua, na wenye elimu wale walikataa kumrudia.

Muda wa kila siku? Dakika 20 zinatosha, mradi ziwe zilezile kila siku. Weka daftari, Biblia na kalamu mahali pamoja. Simu iwe mbali.

Hatua ya pili: chagua mzigo

Hapa wengi hukwama, maana kila mahali panauma. Mwishoni mwa 2024, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilihesabu watu zaidi ya milioni 120 waliolazimika kuyahama makazi yao duniani. Hakuna moyo wa mwanadamu unaoweza kuwabeba wote hao, na Mungu hakukuagiza uwabebe wote.

Jiulize mambo matatu, na uandike majibu bila kuyapamba. Ni habari gani ambayo ukiisikia huwezi kuendelea na shughuli zako kama kawaida? Ni mateso gani yana uhusiano na mtu unayemfahamu? Ni wapi watu wanaumia na hakuna anayewataja tena? Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito. Vita vikizeeka, vyombo vya habari huhama na waombaji huhama navyo, lakini waliomo humo hawana pa kuhamia.

Chukua mizigo miwili, usizidishe: lile jeraha moja la dunia, lililo mbali, na mzigo mmoja wa karibu. Wa karibu unaweza kuwa jirani anayeingia Krismasi yake ya kwanza bila mume, au kijana aliyefungwa. Wa mbali hukuzuia kuugeuza mtaa wako kuwa dunia yote. Wa karibu hukuzuia kupenda watu usiowahi kuwaona huku ukimpita aliye mlangoni.

Hatua ya tatu: lifahamu unaloliombea

Tenga nusu saa katika juma la kwanza, kisha dakika chache kila siku ya tatu. Soma zaidi ya chanzo kimoja. Angalia tarehe ya habari, kwa maana picha za zamani husambazwa kila mara kama za jana. Tafuta taarifa za makanisa yaliyopo palepale, na za mashirika ya misaada yanayofanya kazi huko. Usitazame wala kusambaza picha za maiti. Waliokufa wana heshima yao, na macho yakizoea picha hizo moyo hufa ganzi badala ya kuamka.

Ukishasoma, igeuze habari kuwa ombi kwa maswali haya: Ni nani hasa? Anahitaji nini leo? Nini kinamzuia kukipata? Ni nani ana uwezo wa kuondoa kizuizi? Mungu amesema nini kuhusu jambo la namna hii?

Nichukue mfano wa Sudan. Vita kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa RSF vilianza 15 Aprili 2023. Karibu na mji wa El Fasher, Darfur Kaskazini, palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa ndani iitwayo Zamzam. Agosti 2024 wataalamu walithibitisha kwamba baa la njaa limeingia kambini humo. Aprili 2025 RSF wakaivamia, na Oktoba mwaka huohuo El Fasher yenyewe ikaanguka mikononi mwao baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka. Wengi walikimbilia Tawila, mwendo wa kilomita zipatazo 60.

Sasa pitisha maswali yale. Ni nani? Mama aliyetembea kutoka El Fasher hadi Tawila na watoto, na huenda hakufika nao wote. Anahitaji maji, chakula, mganga wa majeraha, na habari za mumewe. Kinachomzuia ni vizuizi vya barabarani, malori ya chakula yasiyoruhusiwa kupita, na fedha za misaada zilizopungua. Wenye uwezo ni makamanda wa pande zote mbili, mataifa yanayowapa silaha, na wapatanishi mezani. Na Mungu amesema nini? Kwamba alimsikia Hajiri na mtoto wake jangwani maji yalipowaishia (Mwanzo 21). Ombi linajiandika lenyewe:

"Mungu uliyeisikia sauti ya mtoto wa Hajiri jangwani, wasikie watoto walioko njiani kwenda Tawila usiku huu. Wape maji kabla jua halijachomoza. Yalainishe mioyo ya walioshika vizuizi, malori ya chakula yapite bila kuporwa. Watie nguvu wauguzi walioishiwa dawa na usingizi. Wakutanishe waliopotezana. Wanaouza silaha wakose amani mpaka waache. Kwa Yesu Kristo, aliyebebwa usiku na mama yake akikimbia upanga. Amina."

Linganisha na "Bwana uikumbuke Sudan." Yote mawili Mungu huyasikia, ila la kwanza limekubadilisha wewe uliyeliomba. Sasa unajua jambo la kufuatilia kesho: je, malori yalipita?

Hatua ya nne: omboleza kwanza

Hii ndiyo hatua tunayoiruka, na Krismasi hutusukuma kuiruka zaidi. Tunataka kufika haraka kwenye ushindi. Lakini Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu "hata lini?" na Mungu hakuwanyamazisha, aliyaacha maneno yao yawe Maandiko. Zaburi ya 13 huanza na kilio na kuishia kwenye tumaini. Zaburi ya 88 huanza na kilio na kuishia gizani, bila faraja hata mstari mmoja. Tunazihitaji zote mbili.

Fanya hivi: soma Zaburi ya 10, 13, 44 au 88 kwa sauti, taratibu, kana kwamba anayesoma ni yule unayemwombea. "Mimi" ya zaburi iwe ni yeye. Kisha nyamaza dakika tatu. Usijaze kimya hicho kwa wimbo, wala kwa sentensi ya "hata hivyo Mungu ni mwema". Wema wake hautapotea kwa dakika tatu. Machozi yakija, yaache. Yasipokuja, usijilaumu, maombolezo ni kusema ukweli mbele za Mungu, na ukweli husemwa hata kwa macho makavu.

Kisha tubu. Danieli, mtu asiyelaumika, aliomba akisema "tumefanya dhambi" (Danieli 9), akajiweka ndani ya kosa la taifa lake. Sisi nasi tuna sehemu yetu: tumewasema vibaya wakimbizi, tumecheka kabila la wengine, tumefurahia bei nafuu bila kuuliza nani aliilipia kwa jasho au damu. Taja moja au mawili yaliyo ya kweli kwako.

Jambo moja la kuepuka kabisa hapa: usiwaeleze wanaoteseka kwa nini wanateseka. Usiombe "Mungu uwafundishe kupitia hili", wala "watubu ili mkono wako uondoke juu yao". Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye kimya, wakaharibu walipoanza kueleza.

Hatua ya tano: omba kwa jina

Sala za kale za Kanisa zina umbo linalosaidia sana mtu asiyejua aanzie wapi: mwite Mungu kwa jina au tendo lake, taja alichofanya au alichoahidi, sema ombi lako, sema kusudi la ombi hilo, kisha funga kwa jina la Yesu. Ombi la Sudan hapo juu limefuata umbo hilo kwa sehemu kubwa.

Majilio yana hazina nyingine. Kuanzia 17 hadi 23 Desemba, masifu ya jioni ya Magharibi humwita Kristo kwa majina saba: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Hata kama kanisa lako halina desturi hiyo, yatumie. Jioni ya Hekima, tarehe 17, ombea wapatanishi na madaktari. Jioni ya Ufunguo wa Daudi, tarehe 20, waombee wafungwa, mateka na waliotoweka, maana ufunguo huo hufungua pasipo mtu kufunga. Mapambazuko ni kwa wanaokaa katika giza na uvuli wa mauti, wagonjwa wa mahututi na wenye mawazo ya kujiua. Mengine yaliyobaki utayaona mwenyewe yanakoelekea.

Usisahau makundi mawili tunayoyakwepa. La kwanza ni wenye mamlaka. Paulo anaagiza "dua, na sala, na maombezi, na shukrani" kwa ajili ya watu wote, wakiwemo wafalme na wote wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1-2), na aliandika hayo chini ya dola iliyowaua Wakristo. La pili ni watesi. Yesu ameamuru tuwaombee wanaotuudhi (Mathayo 5:44). Kumwombea mtesi hakumaanishi kumtakia mafanikio katika anayoyafanya. Omba azuiwe. Omba silaha zimwishie, uongo wake ufichuke, askari wake wakatae amri ovu. Halafu omba atubu na aishi. Kisasi mwachie Mungu, kama Warumi 12:19 inavyosema. Ukiona huwezi bado kuomba hivyo kwa sababu aliyekutenda ni mtu unayemjua, mwambie Mungu hilo hilo. Nalo ni ombi la kweli.

Hatua ya sita: maneno yakiisha

Yataisha. Sali Baba Yetu polepole, na ufikapo "utupe leo riziki yetu", simama. Hapo huombi peke yako. Wenye njaa umewaingiza ndani ya neno "yetu". Au soma wimbo wa Mariamu, Luka 1:46-55, ambao msichana mjamzito aliuimba chini ya utawala wa kigeni: wakuu wanaangushwa kutoka viti vya enzi, wenye njaa wanashibishwa mema. Huo ni wimbo wa Krismasi, na ni maombezi makali. Ukishindwa hata hayo, sema "Bwana, uwahurumie" na utulie.

Hatua ya saba: ombeni pamoja

Kikundi cha watu watatu hadi kumi na wawili kinatosha. Saa moja inaweza kupangwa hivi. Dakika tano za kwanza ni kimya na wimbo mmoja wa Majilio. Dakika kumi, mtu aliyejiandaa anaeleza hali ya mzigo mliouchagua: watu, mahali, kilichobadilika tangu juma lililopita. Asihubiri na asibishanie siasa. Dakika kumi nyingine ni zaburi ya maombolezo na kimya. Kisha dakika ishirini na tano za kuomba, na zilizobaki ni za kimya tena, Baba Yetu na baraka.

Zile dakika ishirini na tano ndizo zinazoharibika kwa urahisi. Kuna mwenzetu atakayeomba dakika kumi na mbili, akigusa kila bara, na wengine watasinzia. Kuna atakayetumia maombi kumjibu aliyeomba kabla yake. Weka kanuni mwanzoni, kwa upole: ombi moja kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, sentensi mbili au tatu, kisha wote waitike "Bwana, sikia maombi yetu." Unaweza kuomba mara nyingi kadiri upendavyo, ila kila mara fupi. Kanuni hii huwapa nafasi wanyamavu, na mara nyingi wanyamavu ndio waliobeba mzigo mzito kuliko wote.

Watoto wawepo. Wape ombi wanaloweza kulielewa, kwa mfano mtoto wa umri wao anayelala kwenye hema. Usiwasimulie mauaji.

Mkitaka mnyororo wa maombi wa saa 24, labda kuanzia jioni ya 27 Desemba hadi jioni ya siku ya Watoto wa Bethlehemu, gawanyeni zamu za nusu saa; ni zamu 48, na watu 16 wakichukua tatu tatu zinatimia. Kila mmoja aache mstari mmoja kwenye daftari la pamoja kwa ajili ya anayefuata. Wagonjwa na wazee wapewe zamu za mchana nyumbani kwao. Msiwaache nje, Ana binti Fanueli, aliyemwona mtoto Yesu hekaluni akamshukuru Mungu, alikuwa mjane mzee sana aliyekuwa ameifanya kazi hii ya kufunga na kuomba usiku na mchana kwa miaka mingi (Luka 2:36-38).

Kwa viongozi wa ibada ya Krismasi nina ombi moja: maombi kwa wanaoteseka yawekeni mwanzoni, kabla ya nyimbo za shangwe. Eric Milner-White alifanya hivyo mwaka 1918 pale King's College, Cambridge. Alikuwa ametoka kuwa kasisi wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na alipoandaa ibada ya masomo tisa na nyimbo za Krismasi aliweka karibu na mwanzo maombi yanayowataja maskini, wenye njaa, walioonewa, wagonjwa, waombolezaji, na waliokwisha kufa. Masomo na nyimbo nyingine vilifuata baada ya hapo. Ibada hiyo inafuatwa hadi leo mahali pengi, na mpangilio huo ni sehemu ya nguvu yake.

Hatua ya nane: funga, kisha nyosha mkono

Funga mlo mmoja kwa juma, kwa mfano kila Ijumaa ya Majilio. Mjamzito, mwenye kisukari, au anayetumia dawa zinazohitaji chakula asifunge chakula. Afunge kitu kingine. Fedha ya mlo ule usiirudishe mfukoni. Isaya 58 inaunganisha kufunga na kumgawia mwenye njaa chakula chako, wala haioni mfungo uliokamilika bila hilo. Peleka kwa shirika ulilolihakiki au kwa kanisa lililopo mahali pa tatizo, na uombe taarifa ya matumizi.

Nehemia ni mwalimu mzuri hapa. Alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, ambao huangukia Novemba na Desemba zetu, akaketi, akalia, akafunga na kuomba. Ilipofika Nisani, kama miezi minne baadaye, mfalme alimuuliza kwa nini uso wake una huzuni. Akaomba kimoyomoyo palepale, halafu akataja alichohitaji: ruhusa, barua za kuvuka mipaka, na miti ya kujengea. Miezi minne ya maombi ilimpa orodha kamili. Wewe nawe, ukiomba kwa juma la tatu, utaanza kuona jambo la kufanya: kumwandikia mbunge, kumtembelea mfungwa, kumpokea mgeni mezani siku ya sikukuu, kumpigia simu mfiwa ambaye wote wamemwacha "apumzike". Lifanye dogo hilo.

Kuulinda moyo wako

Ukifuatilia mateso kwa majuma sita utachoka, na uchovu huo una dalili: hasira kwa walio karibu, kukosa usingizi, kutazama habari usiku kucha huku huombi tena. Weka kikomo. Usisome habari baada ya maombi ya jioni. Kila unapomaliza, sema wazi: "Bwana, nimewaweka mikononi mwako. Mimi naenda kulala, wewe husinzii." Kisha lala. Ukiona mzigo unageuka kuwa giza lisiloondoka, zungumza na mchungaji, na umwone daktari pia.

Wala usiogope kufurahi. Wapo wanaoona kwamba kucheka Krismasi ni kuwasaliti walio vitani. Malaika alitangaza furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote (Luka 2:10), akiwatangazia wachungaji ambao Herode alikuwa bado mfalme wao. Imba kwa sauti yako yote.

Je, kama hakuna kinachobadilika? Wako watakaokuambia kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Sina jibu la kuwafunga midomo, wala Biblia haitoi la haraka. Biblia inatupa mjane asiyechoka kumrudia kadhi, Ana anayezeeka hekaluni, na Yesu mwenyewe akiomba Gethsemane kikombe kiondolewe, na hakikuondolewa. Andika maombi na tarehe katika daftari lako. Andika majibu unayoyaona, hata nusu yake: barabara iliyofunguliwa siku tatu, mateka mmoja aliyerudi. Yasiyojibiwa usiyafute. Acha nafasi mbele yake.

Baada ya tarehe 6 Januari

Mapambo yakishaondolewa, wengi huondoa na daftari. Kaa na kikundi chako mlisome lote kuanzia ukurasa wa kwanza. Amueni kama mzigo ule mnaendelea nao, hata kama ni dakika kumi kila Jumatano. Kisha fungueni kalenda ya mwaka mpya na mtie alama siku ya kumbukumbu ya jambo mliloliombea. Kwa waliobeba Sudan ni 15 Aprili. Andikeni pembeni jina la atakayewakumbusha wengine siku hiyo, na saa ya kukutana.